Siku Nilipoita Bili kwa Kikantoni

Nacheka sasa, lakini mkipita Masasi msinitaje kwenye ule mgahawa wa karibu na stendi. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani Kitangari na kuku wangu, siku hiyo nilitoka kwa jambo moja tu, kununua tanki dogo la maji, maana mke wangu, Mama Salma, alishachoka na foleni ya bombani na alinisindikiza kwa maneno matatu: "Bila tanki, usirudi."

Huko Masasi shemeji yangu Hassani, dereva wa Wachina wanaojenga barabara, akaniita tule mchana na mabosi wake wawili. Nikajua kuna jambo. (Huyu hajawahi kuninunulia hata karanga.) Tukala samaki, wali, kuku wawili wazima, na ilipobaki mifupa wale mabosi wakaanza kunong'onezana, mara wananitazama, mara wananyamaza, nami nikashika mfuko wa shati lilimolala tanki la Mama Salma likiwa bado noti. Hapa naachiwa bili! Basi nikaona niwaonyeshe kwamba lugha yao naisikia, zile video za Kikantoni za kwenye simu zikanipanda kichwani, nikasimama, nikapaza sauti kuitisha bili, iende mbele yao: "Maidan!"

Mhudumu, ambaye Wachina wamemzoesha neno hilo, akaja mbio na karatasi, akaiweka mbele yangu. Bosi mzee akapiga makofi.

"Neno la Wakantoni, watu wa kusini," mwenzake akaniambia kwa Kiswahili cha barabarani. "Sasa China yote inasema. Hata sisi wa Kimandarini."

Kama sisi na neno "hela" tuliloachiwa na Mjerumani, nikawaza, nikitikisa kichwa kiprofesa.

"Shemeji," Hassani akaninong'oneza, "kwao anayeita bili ndiye anayelipa. Hawa walikuwa wanabishana nani akulipie wewe."

Yule mzee akanyoosha mkono aichukue karatasi. Ningemwachia! Lakini mgahawa mzima unanitazama, mhudumu ananiita bosi, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hapana, mzee, wageni ni nyinyi."

Noti zilizobaki zilitosha ndoo mbili zenye mifuniko. Mama Salma alizitazama, akanitazama mimi, akampigia simu kaka yake Hassani, akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu hapo mezani kwa watu siiti kitu kwa lugha yoyote, hata chumvi nangoja inifikie. (Hassani bado namshuku: kwa nini hakuninong'oneza mapema?) Na kila asubuhi Mama Salma anasimama mlangoni, "Baba Salma, maidan!" nami nazichukua ndoo zangu mbili, naelekea bombani.