Mama Mafaili na Rejista ya Kwanza

Habari hii ni kweli tupu. Nimemwapia hivyo mwenyewe anayeandikwa: nikitia chumvi hata chembe, nitapiga deki chumba chake chote.

Saa moja asubuhi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi anapanda ngazi katika chumba cha mafaili cha hospitali ya umma. Dirishani, mgonjwa mmoja amesahau kadi.

"Wewe nakujua, baba," anamwambia. "Ulivunjika mguu mwaka wa mafuriko. Wa kulia."

Faili linashuka kabla mgonjwa hajapata pa kukaa.

Wote humwita Mama Mafaili. Ametunza mafaili elfu arobaini kwa miaka thelathini na moja. Hospitali yenyewe ilianza ikiwa zahanati ya vitanda vinane, wazazi wakijifungulia chumba kimoja na makopo ya dawa. Leo ina wodi ya wazazi, maabara, eksirei na kliniki ya watoto, na huhudumia watu mia sita kwa siku.

Ila wiki hii hana raha. Kompyuta zimefika, na mganga mkuu ameagiza rejista zote ambazo hazijaombwa na mtu kwa miaka kumi zichomwe Ijumaa. Rejista ya kwanza ya uzazi ni mojawapo.

"Saini moja tu ingeiokoa," anasema. "Lakini nani anauliza habari za watoto wa enzi hizo?"

"Mimi," nikamjibu. "Ndimi mtoto wa kwanza kuzaliwa hapa. Nililia mpaka fundi akazima jenereta, akidhani limeharibika."

Ananiita shemeji, maana alisoma na mke wangu. "Basi weka saini hapa, shemeji, kwamba umeiomba. Kisha tuione."

Nikasaini kwa madaha. Akafungua. Mtoto wa kwanza: msichana. Kidole chake kikashuka ukurasa baada ya ukurasa.

"Huyu hapa wewe. Wa mia mbili na kumi na tatu. Na mkunga ameandika: 'Hakulia mpaka alipofinywa.'"

Juu ya maneno hayo lilikuwapo jina la mama yangu, wino bado mweusi. Nikalitazama kitambo.

Mama Mafaili anastaafu mwezi wa tatu. Kabla ya hapo anataka rejista hiyo iwekwe kwenye kabati la kioo, mapokezi. "Watu waje wasome majina ya mama zao," anasema. "Saini yako imekwisha kukauka, mkuu hana la kusema."

Nikamshukuru, nikageukia mlango.

"Ndoo iko nyuma ya huo mlango, shemeji," akasema. "Anzia pembe ile."