Nakala Yenye Kishale

Orodha ya zamu za maji ya mfongo wetu, mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni hadi vihambani, yaani mashamba yetu ya nyumbani, ilikaa miaka mingi kwenye daftari la katibu. Daftari lilipochakaa, wanachama walinituma niiandike kwenye kompyuta. Nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwa kitabu cha mtumba, katika duka moja la uchapaji mjini Moshi, ambako waliniruhusu kukaa kwenye mashine wakati haina mteja.

Kwenye suala la maji sikumwamini mtu. Kwa hiyo niliweka faili mbili: ile halisi ndani ya folda, na nakala yake mbele kwenye kioo. Nilizifungua zote, nikalinganisha jina kwa jina. Zilifanana. Siku nyingine nikaifanyia nakala majaribio: mama mjane, jirani yangu, nikamtoa Jumanne asubuhi nikampeleka Jumamosi jioni, na kwenye nafasi yake nikamweka mdogo wake katibu. Mpangilio haukunipendeza. Wakati wa kufunga, mashine iliuliza kama ihifadhi, nikakubali. Si ilikuwa nakala tu?

Kiangazi kilipoingia, katibu alipita dukani, akachapishiwa orodha, akaigawa. Jumanne mjane, kwa mazoea, alikwenda kufungulia maji akakuta yameshageuziwa kwa yule mdogo wake katibu. Miche yake ya kabichi ikanyauka.

"Shemeji," aliniuliza, "katibu nimemkosea nini?"

Nilishuka mjini nikafungua faili zote mbili. Zote zilisema Jumamosi. Mtu mzembe angebadili moja. Huyu alibadili zote. Kwangu huo ulikuwa ushahidi tosha.

Mkutanoni nililisema jambo hilo mbele ya wote. Katibu, aliyenizidi umri kwa mbali, alisimama.

"Hiyo mashine yako hata kuiwasha siwezi."

"Wote husema hivyo," nilimjibu, na watu wakacheka. Ikakubaliwa kwamba Jumapili baada ya misa, hapo hapo kanisani, achaguliwe katibu mwingine.

Jumamosi nilirudi dukani na diski, nikamwomba binti mchapaji aniwekee faili zote mbili kama ushahidi.

"Baba, hii ya pili haina kitu."

"Haina kitu vipi, na inafunguka?"

"Inafunguka kwa sababu inakupeleka kwenye ile ile. Huoni kishale hapo pembeni? Hii ni njia ya mkato, siyo nakala. Ukiandika huku, umeandika kule."

Nilimshuku na yeye. Huenda katibu alikuwa amemnunulia soda. Nikamwomba asogee, nikaketi, nikaandika neno moja kwenye ile ya mbele, nikahifadhi, nikafungua ile ya ndani ya folda. Neno lilikuwapo. Nikalifuta, nikaandika jingine. Nalo likatokea. Hapo ndipo nikakumbuka ni nani aliyempeleka mjane Jumamosi jioni.

Jumapili, kabla ya misa, nilikata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba changu nikaenda kwa katibu. Kwetu aliyekosa hupeleka sale kuomba radhi, na aliyepelekewa hatarajiwi kukataa.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Nilimweleza yote kwa mpangilio, tangu kishale hadi kabichi. Alinisikiliza huku akiligeuza jani upande huu na upande ule.

"Hili ndilo lenyewe," aliuliza, "au kuna jingine umeficha nyumbani?"

"Ndilo lenyewe."

"Basi lishike. Ulinisema mbele za watu. Hapa tupo wawili. Utanipa kule."

Akanirudishia. Nililibeba mkononi njia nzima hadi kanisani, na yeye alitembea nyuma yangu, hatua mbili tu, asiliondolee macho.