Soksi ya Shangazi na Ng'ombe wa Maduhu

Nicheke mimi kwanza kabla hamjanicheka ninyi, maana aibu hii sikuletewa na mtu, niliitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu miwili, na mpaka leo nikishuka Muze kuna akina mama wananiita Baba Soksi, na mimi naitika, sasa nifanyeje?

Ilikuwa Julai, na anayekaa Malangali, huku juu mlimani, anaijua Julai yetu, asubuhi ukinawa uso unahisi umepigwa kofi. Mahindi tulikuwa tumeshayaingiza ndani, magunia yamejaa chumba kilicho jirani na ninapoegesha gari, na palipo na mahindi panya hawahitaji kadi ya mwaliko. Wiki ile ile fundi alikuwa amefungua filta ya hewa ya kigari changu akakuta kiota kizima, na punje za mahindi za kutosha kupika kande. Basi jioni ya kuamkia safari nikajisemea leo panya hawanipati, nikanyakua kitu laini kwenye kamba ya nguo (hata sikukitazama, kiza kilikuwa kinaingia), nikakisokomeza kwenye mdomo wa bomba linalovutia hewa ya injini, nikafunga boneti nikaingia ndani najisifu. Nilipanga kukitoa asubuhi.

Na haikuwa safari ya kwenda sokoni. Nilikuwa nakwenda kuposa. Kabula, mwalimu, mtoto wa Mzee Masanja, ambaye familia yake ilihama Usukuma na mifugo ikaweka makazi Muze, na kwa mzee huyo mwanaume asiye na ng'ombe ni kitendawili. Kabula aliniambia wazi, "Baba ameuliza, huyo Mfipa anafuga nini? Nikamjibu ana gari." Mimi nauza mbegu na dawa za mazao pale mjini, sina hata mbuzi, kwa hiyo lile gari ndilo lilikuwa zizi langu. Na kulikuwa na kijana wa huko huko, mwenye zizi la kweli, aliyekuwa ameanza kupitapita nyumbani kwao kusalimia. Lile gari likiniangusha, Kabula anakwenda, na nilikuwa nampenda mpaka usingizi unakata.

Asubuhi tulichelewa kwa sababu ya Shangazi Felista. Huyu ndiye aliyenilea, hana woga wa mtu, na ana soksi nyekundu za sufu alizofuma mwenyewe ambazo bila hizo hatoki nje msimu wa baridi. Alitafuta mguu mmoja wa soksi chini ya vitanda, nyuma ya milango, akashuku majirani, mwisho akapanda gari na soksi moja huku ananung'unika. Baba Mkubwa Deo, msemaji wetu, akakaa mbele na koti lake la suti, akasema, "Twende, Gaudensi, soksi haiozi." Na mimi (Mungu anisamehe) nikacheka kuliko wote.

Gari likawaka, lakini zito. Nakanyaga mafuta, halichanganyi. Nikawaambia ni baridi, likipata joto mtaona. Tulipofika mteremko wa Lyamba lya Mfipa likaanza kukimbia vizuri, kona baada ya kona, vumbi nyuma yetu kama moshi wa tanuri la matofali, nikageuka nikasema, "Si mmeona? Gari unalisikiliza, unalijua." Mteremko ule hata jiwe lingekimbia, ila hilo nilikuja kulifikiria baadaye.

Kule chini kwenye tambarare, kwenye joto la bondeni, likakohoa, likatoa moshi mweusi, likazima. Nikapiga starta, linaguruma kidogo linakata. Nikavua koti nikafungua boneti. Sasa ndugu zangu, mimi si fundi, lakini nilikuwa nimeshasema mengi juu ya magari njia nzima na nisingeweza kusimama pale mikono mfukoni. Nikakaza vichwa vya betri. Nikatoa plagi, nikazifuta kwa kitambaa changu cha mfukoni cha sherehe, nikazirudisha. Nikachomoa mpira wa petroli nikaunyonya kwa mdomo nione kama mafuta yanapita, na yalikuwa yanapita, nikameza, kuanzia hapo kila nikiongea Baba Mkubwa anageuza uso. Wapita njia nao hawakutuacha hivi hivi. Mwenye baiskeli akasema pampu. Mwenye bodaboda akasema hiyo nozeli kabisa. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akasema gari limechoka, liacheni lipumzike (na kati yao wote huyo ndiye aliyekaribia ukweli, maana lilikuwa halipumui). Shangazi yeye hakushuka, alikaa ndani na mguu wake mmoja mwekundu, akisema jua la huku litamharibia kilemba.

Simu ikaita. Kabula. "Mko wapi? Wazee wamekaa tangu asubuhi, baba ameshaanza kuniangalia."

"Tumekaribia," nikasema, nikiwa na oili mpaka kwenye nyusi.

Ndipo akatokea Maduhu. Mtu mzima, mpole, anarudi kijijini kwake mbali huko mbele baada ya kusomba mpunga, mkokoteni ameuacha kwa mwenye mpunga, anaswaga maksai wawili weupe wenye pembe za kumtisha askari, na mnyororo begani. Akatutazama akasema, "Kaka, niwavute?"

Nikakataa. Mwenye gari avutwe na ng'ombe, kweli? Baba Mkubwa akaninong'oneza, "Gaudensi, tutaposa hapa barabarani?" Basi tukapatana, Maduhu atuvute mpaka kwenye kona kabla ya kwa Mzee Masanja, pale tufungue mnyororo, tumalizie kwa miguu kwa heshima zetu, tuseme gari tumeliacha nyuma kidogo. Mpango mzuri sana. Shida ni kwamba hatukuwashirikisha ng'ombe.

Walikuwa na kiu. Na kwa Mzee Masanja, kumbe, kuna birika la maji wanakonyweshea mifugo ya nusu ya kijiji. Tulipofika kwenye kona wale maksai wakanusa maji, wakakaza shingo, Maduhu anapiga miluzi, anapiga kelele, mimi nimekanyaga breki mpaka mwisho, Baba Mkubwa ameshika dashibodi anasali Salamu Maria, na tukaingia kwa wakwe mbio, ng'ombe mbele, gari nyuma, Shangazi akitokeza kichwa dirishani kuwaamuru wasimame kwa Kifipa.

Uwanja mzima ukalipuka vigelegele.

Sikuelewa. Akina mama wanacheza, mmoja anafagia njia kwa khanga mbele ya ng'ombe. Mzee Masanja akainuka kwenye kiti, akatupita sisi wageni kama hatupo, akaenda moja kwa moja kwa wale maksai, akawapapasa mgongo, akawatazama meno, macho yakamlainika. Akageuka. "Wakwe karibuni! Mimi niliambiwa Wafipa wanakuja na maneno. Kumbe mmekuja na ng'ombe siku ya kwanza!"

Nikamwona Kabula mlangoni. Alikuwa analia kwa furaha, na mimi nikatamani ardhi ya Muze inimeze na suti yangu. Nilikuwa nimejifunza kumsalimia mzee wake kwa Kisukuma, wiki nzima, nikafungua mdomo nikatoa mwangaluka, ambayo ni salamu ya asubuhi, saa za alasiri, na harufu ya petroli. Baba Mkubwa, msemaji wetu, akajishughulisha kufunga vifungo vya koti lake.

Maduhu, ng'ombe walipomaliza kunywa, akaja na kofia mkononi. "Shikamooni wazee. Naomba mnifungulie mnyororo niende, hawa wangu kesho wana kazi."

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Mzee Masanja akanitazama. "Wako hawa, au wake?"

"Wake, baba," nikasema. "Mimi nina gari. Na gari limekataa."

Kabula akaingia ndani. Hapo ndipo moyo ulipofika kwenye viatu, nikaona kijana mwenye zizi anavaa suti.

Shangazi alikuwa ameshuka sasa, amekasirika kwa niaba ya ukoo wetu mzima. "Fungua hilo boneti nilione hili gari linalotudhalilisha!" Nikafungua. Akainama, akatazama. Halafu akashika kiuzi chekundu kilichokuwa kinachungulia kwenye mdomo wa bomba, akavuta, akavuta, ikatoka, nyeusi, imeshiba vumbi lote la mteremko.

"Gaudensi! Soksi yangu!"

Akaiinua juu wakwe waione, na ili pasiwe na shaka akapandisha gauni kidogo akaonyesha mwenzake mguuni. "Nimewashuku majirani bure!" Mimi nikaenda kupiga starta maana sikuwa na pa kuficha uso, na gari likawaka mara moja, kwa nguvu, kama linanicheka.

Aliyeanza alikuwa Mzee Masanja. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na fimbo yake. Uwanja mzima ukafuata, Kabula akatoka ndani ameshika mbavu, hata Maduhu akaegemea ng'ombe wake. Mzee alipopata pumzi akafuta machozi, akasema, "Mtoto nitakupa. Mtu aliyenichekesha hivi hawezi kuninyima chakula uzeeni." Nikapiga magoti nikashukuru. Akainua kidole. "Ila hawa wawili nimeshawapapasa, na wanawake wameshapiga vigelegele. Vigelegele havirudishwi mdomoni."

Baba Mkubwa alijaribu kuwatoa kwenye mahari mpaka sauti ikakauka. Wapi. Niliwanunua kwa Maduhu, wale wale, na naye akapewa mwaliko wa harusi.

Kwa hiyo panya wa Malangali sasa wana amani, waingie, wazae, wabatizane humo kwenye filta, mimi kidole sipeleki. Na kila asubuhi kabla sijawasha gari, mke wangu anasimama mlangoni ananiuliza, "Shangazi amevaa zote mbili?" Na mimi narudi ndani kuhakikisha.