Kikombe cha Husna Kwenye Mizani

Mwaka 1999, Husna wa Ziwani alikuwa na binti wa mwaka mmoja, Sharifa, ambaye nguo zilizidi kumpwaya badala ya kumbana. Kliniki, nesi Witness, aliyehamia Mtwara kutoka Bukoba, alimwelekeza uji wa lishe: mtama robo tatu ya kilo, mchele robo, karanga robo.

Nyumbani hakukuwa na mizani. Lakini Husna alijua kwamba kikombe chake cha bati kikijaa mchele ni robo kilo. Basi kila kikombe akakifanya robo: vitatu vya unga wa mtama, kimoja cha mchele, kimoja cha karanga. Akapika kwa moyo wake wote. Aliporudi kliniki na Sharifa akatundikwa kupimwa, mshale wa mizani haukupita pale ulipofika mwezi uliopita.

"Chakula anakula, mwili haupokei," alisema mama mkwe wake, Bi Amina. "Huyu ni wa mganga."

Maneno yale yalimchoma Husna. Akarudi kwa nesi, macho yamemjaa machozi.

Witness alimpakata mtoto. "Mama Sharifa, hebu nieleze unavyopima."

Husna alipomaliza kueleza, nesi akasimama. "Kachukue hicho kikombe. Twende dukani kwa mzee Rashidi."

Rashidi aliweka jiwe la robo upande mmoja wa mizani, upande wa pili akamimina kikombe cha mchele. Mizani ikalingana. Akamimina cha unga: sahani ikabaki juu.

"Mjomba, hilo jiwe ni lilelile?" Husna aliuliza kwa mashaka.

Rashidi akacheka. "Lilelile, mwanangu. Unga umejaa hewa."

Husna akakijaza tena kikombe, mara hii akishindilia unga kwa kiganja. Uzito ukaongezeka.

"Kumbe hata mkono wangu unabadilisha kipimo!" alisema. Akafikiri kidogo. "Basi nitapima punje kabla ya kusaga. Punje hazishindiliki."

Witness alitabasamu. "Hilo sikuwa nimeliwaza. Tujaribu."

Wakapima moja baada ya nyingine. Mtama wa punje ulitaka vikombe vitatu vyenye kilima kidogo. Karanga zilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani: kikombe kimoja na makonzi mawili juu yake. Kumbe siku zote alikuwa akimpunja mwanawe bila kujua, unga na karanga pia.

Uji wa sasa ulikuwa mzito, ukinukia karanga nyumba nzima. Sharifa alilamba bakuli. Mwezi ule mshale ulisogea kidogo, uliofuata ukasogea zaidi. Bi Amina hakutaja tena mganga. Alianza kuchambua karanga mwenyewe, akimfukuza yeyote aliyezidonoa.

Wanawake wa jirani wakaja kuuliza. Husna alitaka kuwatajia vikombe vyake, kisha akaona mmoja ameshika bilauri, mwingine kopo la maziwa, mwingine kifuu. Akajifunga khanga kiunoni.

"Kila mtu abebe chombo chake," alisema. "Chako si changu. Twendeni kwa mjomba Rashidi."

Wakaongozana, Husna mbele. Sharifa alikataa kubebwa mgongoni; akashika pindo la khanga ya mama yake, akatembea.