Swichi Isiyo na Kufuli

Mdogo wangu alirudi likizo baada ya miaka kumi na miwili ughaibuni, na siku ya tatu nikagundua kwamba alikuwa anaogopa. Alisimama ukingoni mwa barabara ileile aliyokuwa akiivuka mbio utotoni. Magari yakampita, pikipiki zikampita, bibi mmoja mwenye kapu akampita akavuka, naye yupo palepale, jasho linamtiririka.

"Shemeji, unasubiri barabara ikuombe radhi?" mke wangu alimtania.

Alicheka, lakini vidole vyake vilivyonishika mkono vilikuwa vya baridi. Jioni tukiwa uani aliniambia, "Kaka, kichwa kinakumbuka kila kitu. Mwili ndio umesahau, unafuata mazoea ya huko. Naogopa nitamuumiza mtu."

Nilimwambia atazoea. Huwa nina majibu ya haraka kwa mambo ambayo sijayafikiria. Ni udhaifu ambao shahada yangu haikuuponya.

Baba yetu ni fundi umeme, na mdogo wangu vilevile. Huko aliko hufunga mitambo ya kiwanda. Basi Baba alipopata kazi ya kubadilisha nyaya katika duka la mshona nguo, alimwita kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

"Twende, Soketi," alimwambia, kwa jina la utani la utotoni. "Leo nina fundi wa kimataifa. Na wewe mwalimu, njoo utushikie ngazi. Hiyo haihitaji vitabu."

Baba hufanya kazi kwa sauti. Swichi kuu huzimwa, yeye hupanda darini, na kabla ya kugusa waya husema, "Nimeshika." Kuanzia hapo hakuna anayeigusa swichi mpaka aseme, "Nimeachia." Tulilelewa katikati ya maneno hayo mawili, tukijua kwamba ukimya uliopo kati yake ndio uhai wa Baba. Huko kwa mdogo wangu mambo ni mengine. Njiani alinieleza kwamba kila fundi huifunga swichi kwa kufuli lake lenye jina lake, na swichi isiyo na kufuli ni swichi isiyo na mtu.

"Hakuna anayepaza sauti," alisema. "Unatazama tu."

Baba alipanda. Mimi nilishika ngazi kwenye ujia. Mdogo wangu alisimama penye swichi karibu na mlango, hatua sita kutoka nilipo.

"Nimeshika," Baba alisema.

Dakika zikapita. Mshona nguo, aliyekuwa akikata kitambaa kwa mwanga wa dirishani, alichoka kungoja.

"Fundi kijana, hiyo swichi unailinda isitoroke? Pasi yangu imepoa, lakini wateja wangu hawajapoa."

Mdogo wangu aligeuka akaitazama swichi. Niliyaona macho yake yakipita juu yake, yakipita chini yake, yakitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Uso wake ukatulia, kwa mara ya kwanza tangu afike. Akanyanyua mkono.

Hapo ndipo ninaposhindwa kujisamehe. Niliuona mkono ule, na nilikuwa na muda wa kutamka neno moja. Lakini nilijiuliza mimi ni nani, mwalimu wa historia, hata nimsahihishe fundi wa kiwanda. Na nilipokuwa bado najiuliza, swichi ikapanda.

Mlipuko ukasikika darini. Ngazi ikatikisika mikononi mwangu, taa zikawaka zikazimika, harufu ya plastiki iliyoungua ikatushukia.

"Baba," mdogo wangu aliita.

"Baba."

Mkono wake ulikuwa umeganda juu ya swichi. Ni mimi niliyekimbia kuishusha. Nikarudi kuishika ngazi. Kisha vumbi likadondoka, na mguu wa Baba ukaonekana ukitafuta kidato. Alishuka polepole, mzima, akiwa na koleo ambalo ncha zake zilikuwa zimeyeyuka. Mpira wa kwenye mpini ndio uliomwokoa.

"Nilisema nimeachia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hukusema, Baba. Niliangalia kufuli. Halikuwepo."

"Kufuli lipi, mwanangu?"

Mshona nguo alileta kiti, Baba hakukaa. Alikwenda penye ubao wa umeme, akachomoa fyuzi zote moja moja, akazitia katika mfuko wa shati na kufunga kifungo. Katika miaka yote niliyofuatana naye kazini, nimemwona akifanya hivyo mara chache sana, kila mara akiwa na vibarua asiowajua. Kisha akapanda tena bila kumtazama yeyote.

"Kaka," mdogo wangu alininong'oneza, "Baba ananiogopa."

Nilikuwa nimeishika ngazi kwa mikono miwili, kwa nguvu zangu zote, na macho yangu hayakuwa kwenye ngazi. Yalikuwa kwenye mikono ya mdogo wangu.