Nukta ya Mama Maombi

Mtu wa hesabu wa ofisi yetu ya utafiti wa kisukari hapa Saint Louis Park ana vidole laini, na hupenda kuvipitisha juu ya kioo cha kompyuta kama fundi cherehani anayekagua suti aliyoimaliza. Ametengeneza mlinganyo wa kukisia sukari ya mgonjwa kutokana na hemoglobini, ile protini ya damu inayonasa sukari miezi mitatu mfululizo. Kila mgonjwa ni nukta, na nukta zinatakiwa zipange foleni kwenye mstari wake. Akiuona umenyooka hupiga mluzi wa pambio, hunywa chai, kisha hurudi kuutazama tena. Nukta ikitoka nje, huifunika kwa kidole gumba na kusema kwa upole unaoniudhi kuliko matusi, "Hiyo ni data chafu tu, dada."

Jana kidole kilimfunika Mama Maombi, mgonjwa wetu wa mtaa wa Frogtown. Damu yake niliitoa mimi. Chembe zake nyekundu hufa mapema, protini haipati muda wa kunasa sukari, basi mlinganyo unamtangaza mzima, na huku kwa kiu ya sukari alimaliza chupa ya maji kabla sijambandika plasta, na Biblia yake siku hizi anaiona ukungu mtupu.

"Kaka, toa kidole," nikamwambia. "Huyo ni mtu, si uchafu. Kama haingii kwenye mstari wako, huo mstari ndio mbovu."

Akakitoa. Akakipulizia kioo pumzi, akakisugua kwa mkono wa shati, akainama kutazama. Nukta ilikuwa palepale.