Maua Niliyoyatupa Jaani

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, miezi mitatu tangu niolewe kutoka Mlandege, Iringa, kuja hapa Ilomba, Mbeya. Nilishika jembe nikang'oa maua yote ya mama mkwe wangu, nikayatupa jaani, kisha nikafagia huku nikijisifu. Mwanangu, mwezi ujao unakwenda kuishi kwa watu, basi sikiliza ujinga wangu ningali na meno ya kuusimulia.

Kwetu mwali alipimwa kwa uwanja. Unaamka kabla ya wenye nyumba, unafagia mpaka mistari ya ufagio ionekane ardhini. Mama yangu alinifuata nyuma akikagua, na akiona unyasi mmoja alinirudisha mwanzo. Nilikuja Ilomba na mafunzo hayo.

Nikakuta nyumba iko kwenye mteremko, na kati ya uwanja na jiko la mama mkwe maua yametambaa chini, hayafiki hata kifundo cha mguu. Vishina vyake vinene vimejaa maji, na rangi zake nyekundu, njano na waridi. Yalifunguka jua likipanda na kujifunga alasiri, ndiyo maana mtaani tuliyaita maua ya jua. Kiangazi kile vumbi lilifika mpaka kwenye sufuria, nayo yakichanua bila mtu kuyapa tone. Mimi niliona magugu tu. Nilidhani kitu kisichomwagiliwa hakikupandwa na mtu.

Mama mkwe alinipenda, nisimsingizie. Alikuwa Mnyakyusa, lakini kila asubuhi alinisalimu "Kamwene", salamu yetu Wahehe, aliyojifunza ili nisijione mgeni. Binti yake alipojifungua kule Tukuyu, alikwenda kumhudumia na kuniachia nyumba, pamoja na jiko lake. Jiko hilo alilijenga kwa mikono yake baada ya kufiwa na mumewe, na hakutaka mtu alichezee.

Nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kumfurahisha. Jioni mume wangu alirudi kutoka Mwanjelwa, alikokuwa akishona viatu, akautazama uwanja mweupe, akaniuliza jambo moja.

"Umemuuliza mama?"

Nikamjibu kwamba yale yalikuwa maficho ya nyoka. Akanawa, akala. Majirani walinisifu wiki nzima, nami nikavimba kichwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mvua za kwanza zilikuja kwa nguvu. Uwanja ule mtupu haukuwa na cha kuzuia maji, yakateremka na udongo mpaka jikoni na kuchimba chini ya ukuta. Kufika mchana ukuta wa upande wa juu ulikuwa umelala, na mafiga yamejaa tope. Nililia, mwanangu. Nilijua nitarudishwa kwetu, na mama yangu ataniuliza nimerudishwa kwa kosa gani, nami nitamjibu: kufagia.

Mama mkwe alirejea baada ya siku nne. Akatua mzigo, akatazama ukuta, akatazama uwanja, wala hakunisalimu. Nikapiga magoti nikamweleza yote. Aliuliza tu nimeyatupa wapi. Nikampeleka jaani nyuma ya choo, nikidhani tutakuta uozo. Kumbe yalikuwa yamechanua. Juu ya majivu na maganda ya ndizi, zaidi ya mwezi tangu niyang'oe, yalikuwa yameshika mizizi upya, yakiwa mekundu kuliko awali.

"Haya niliyapanda mwaka niliofiwa," akasema. "Sikuwa na nguvu za kuchota maji, nikatafuta ua lisilonidai maji. Wewe ulidhani yapo tu."

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo nilikuwa nikiisema tangu shuleni, na siku hiyo ndipo nilipoielewa.

Hakunifukuza. Aliketi kwenye kigoda akanifundisha. Kata vipande vya urefu wa kidole, viache kivulini siku moja mpaka palipokatwa pakauke, kisha chomeka kwenye udongo wa kichanga, palipo na jua la kutosha, ukiacha shubiri kati ya kimoja na kingine. Maji kidogo mpaka vishike, halafu uviache. Mimi kwa majuto nikawa namwagilia asubuhi na jioni, akaninyang'anya kopo, maana maji yakizidi vinaoza. Tulipanga mawe kwanza ili kupunguza kasi ya maji, kwa kuwa mizizi yake ni mifupi na kazi yake ni kufunika udongo usichapwe na matone. Tukazungushia miiba, kwani kuku huyapenda mno. Ukuta tuliujenga upya mimi na mume wangu, mama mkwe akikagua kila tofali.

Siku zote hizo hakuniambia "Kamwene". Alinisalimu kwa Kiswahili, kama anavyosalimiwa mpita njia, na hilo liliniuma kuliko kofi. Mpaka asubuhi moja, jua limeshapanda, natoka na ndoo, nikaona ua la kwanza limefunguka pale kwenye mteremko, la njano. Yeye alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Kamwene, mwanangu," akasema.

Nikatua ndoo, nikaitikia huku machozi yakinitoka.

Basi, mwanangu, ufagio wako nenda nao, usafi haujamharibia mtu. Ila kabla hujang'oa kitu kwenye nyumba ya watu, uliza ni nani aliyekipanda na kwa nini. Kuuliza si ujinga. Na kile kisichokusumbua kila siku kwa kudai, usidhani hakina mwenyewe wala hakina kazi. Nimekufungia vipande kwenye gazeti, vimekaa kivulini tangu jana. Muombe mama mkwe wako ruhusa kabla ya kuvipanda. Akikataa, usinune, vitupe jaani tu. Vitajua vya kufanya.

Mungu akutangulie, akupe nyumba ya amani, na kila asubuhi akupe mtu wa kukusalimu kwa salamu ya kwenu.